Kii za wapiga gitaa

Umeuliza kwa nini wapiga gitaa wanang'ang'ania kii (ngazi ya noti ambayo wimbo unajengwa juu yake) za G, D, A, E na C. Sababu ni nyuzi: zimetyuniwa E-A-D-G-B-E, kwa hiyo kodi nyingi (noti kadhaa zinazolia pamoja) za kii hizo zinapigwa na nyuzi wazi, yaani zisizobanwa, zinalia vizuri na vidole havichoki. C ina mtego wake, maana ndani yake kuna kodi ya F, inayotaka kidole kimoja kibane nyuzi zote. Usipokaza karibu na freti (vile vyuma vya shingo ya gitaa), zinakuwa bubu.

Bendi yenye tarumbeta ni habari nyingine. Tarumbeta ya kawaida huandikiwa toni moja juu ya sauti inayotoka, kwa hiyo wewe ukipiga kii ya E, mpiga tarumbeta anasoma F#, yenye shapu sita (alama za kupandisha noti nusu toni), masikini! Mpe F au B flati. Funga kapo (kibanio cha nyuzi zote) freti ya 3: ukiweka vidole kwa umbo la kodi ya D linatoa F, la G linatoa B flati.