Hakuna Aliyemwona: Je, Ushahidi wa Mazingira Unatosha?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, ni haki mtu atiwe hatiani ilhali hapana shahidi hata mmoja aliyemwona akitenda kosa? Najibu kwamba ni haki, ilimradi mambo yaliyothibitishwa dhidi yake yasipatane kabisa na dai kwamba hana hatia, wala yasiweze kuelezwa kwa namna nyingine yoyote ya busara isipokuwa kwamba yeye ndiye mtendaji. Sharti hilo liliwekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1949 katika shauri la Kipkering arap Koske, na hadi leo majaji wetu hulirejea wanapopima ushahidi wa mazingira, yaani ule wa mambo yanayolizunguka kosa, si wa aliyeliona likitendwa.

Wengi wanaoupinga ushahidi huo huuchanganya na uvumi. Ushahidi wa mazingira una mashahidi halisi: mmoja alimwona mshtakiwa akiondoka na marehemu jioni, mwingine alikuta shati lenye damu chumbani mwake, na kila mmoja huulizwa maswali ya dodoso juu ya kile alichokishuhudia mwenyewe, kisha mahakama ndiyo huyaunganisha hayo. Mleta uvumi hubeba maneno ya mtu asiyekuwapo, ambaye wakili hana njia ya kumdodosa. Ndiyo maana Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inataka ushahidi wa mdomo utolewe na yule yule aliyeona au kusikia jambo linalothibitishwa.

Tofauti hiyo ilionekana wazi katika shauri la Teper, lililotoka Guyana ya Uingereza na kuamuliwa mwaka 1952 na Baraza la Privy mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani kwa makoloni ya Uingereza. Mfanyabiashara alishtakiwa kwa kuchoma duka makusudi. Askari alieleza kwamba, mbali na moto ule na dakika zaidi ya 20 baada ya kuanza, alisikia sauti ya mwanamke ikimshutumu mtu aliyefanana na mshtakiwa, akipita kwa gari, kwamba anaondoka na huku mahali pake panaungua. Mwanamke huyo hakuitwa kutoa ushahidi, na hukumu ikatenguliwa. Katika uamuzi huo huo Jaji Lord Normand alionya kwamba hata ushahidi wa mazingira unaweza kupangwa na mtu, akakumbusha kikombe cha fedha cha Yusufu kilichotiwa kwenye gunia la Benyamini. Nami naongeza kisa cha pili cha nabii huyo huyo, kilichomo katika Surat Yusuf, ambapo kanzu iliyochanwa kwa nyuma ndiyo iliyomtoa katika tuhuma ya mke wa bwana wake, ingawa hapakuwa na aliyeyaona yaliyotokea mle ndani.

Na anayesema shahidi wa macho ndiye pekee wa kuaminiwa, namwomba asome shauri la Waziri Amani la mwaka 1980. Humo Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliuita utambuzi wa macho ushahidi dhaifu kabisa, usiofaa kutegemewa mpaka kila uwezekano wa kumfananisha mtu uondolewe, kwa kuangalia umbali, mwanga, muda ambao shahidi alimtazama mtuhumiwa, na kama alimfahamu kabla. Aliyeona usiku kwa mwanga hafifu anaweza kuapa kwa moyo safi akamtaja asiyehusika. Mimi hilo hunitia hofu kuliko mlolongo wa mambo madogo ambayo kila moja limethibitishwa na mtu wake.