Kabla hamjaingia Comiket, wadogo zangu

Kila Agosti na kila mwisho wa Desemba naona wageni wetu wakifika ukumbi wa Tokyo Big Sight kwa ajili ya Comiket, soko kubwa la dojinshi, na kurudia makosa yaleyale. Nawapenda, ndiyo maana nakuwa mkali kidogo. Anime mnaijua, dojinshi mnazijua, vile vijitabu ambavyo mashabiki hujichapia wenyewe, mara nyingi kwa wahusika wa kazi za wengine, pengine kunizidi. Adabu za ukumbini ndizo ambazo hakuna aliyewaambia.

1. Njooni na chenji: sarafu za yeni 100 na 500, na noti za 1,000. Ukitoa noti ya 10,000 kununua kijitabu cha yeni 500, umemkwamisha mwenye meza pamoja na foleni nzima nyuma yako.

2. Msikeshe nje ya ukumbi. Imekatazwa, na treni za alfajiri zipo. Agosti bebeni maji mengi.

3. Nguo za kosplei, yaani za kuigiza wahusika, mnabadilishia mlemle, kwenye vyumba vilivyotengwa. Msipande nazo treni. Picha mnaomba kwanza, hata kama mtu anapozi mbele ya kamera ishirini. Akikataa, inamisha kichwa uende zako. Jamani, hili nalirudia kila mwaka!

4. Hapa nitakaa. Mle ndani hakuna mteja. Comiket ya kwanza, Desemba 21, 1975, ilikuwa na sakuru 32, yaani vikundi vya wachoraji (hata cha mtu mmoja), na watu kama 700, na hata leo waandaaji wanashikilia kwamba wote ni washiriki: anayechora, anayenunua, na wale wanaojitolea kupanga foleni. Ndiyo maana milango ikifunguliwa ukumbi mzima hupiga makofi.

Kuna mwaka nilikwenda na kijana mmoja mgeni. Akanunua kitabu kwa dada aliyekaa peke yake kwenye nusu ya meza yake, hadithi ya wahusika wawili tuliowapenda wote. Kijana akafurahi mno. Usiku akapiga picha kila ukurasa, akafuta maandishi, akaweka Kiswahili, akarusha kwenye kundi la mashabiki. Kanji, herufi za Kijapani, nilimsomea mimi. Ukurasa wa mwisho nao niliusoma: mwandishi ameomba kazi yake isiwekwe popote bila ruhusa. Nikanyamaza. Watu wa nyumbani walikuwa wanacheka na kulia kwa lugha yao wenyewe, na nilijivunia kuwa nimewafikisha pale.

Kurasa zikasambaa. Mtu akazigeuza Kiingereza, mwishowe zikawafikia mashabiki wa Japani. Yule dada hakugombana na mtu. Alifunga akaunti yake, akafuta michoro yote, na msimu uliofuata nikapekua katalogi nzima nisione sakuru yake. Hatukupata hata njia ya kumwomba radhi. Kijana nilipaswa kumzuia mimi, maana yeye hakujua, mimi nilijua.

Mwelewe yule dada alichokiogopa. Wahusika si mali yake. Japani, kesi ya hakimiliki kwa kawaida huanza pale mwenye haki anapolalamika, na wachapishaji wengi huacha dojinshi zipite maadamu ni nakala chache zinazotoka mkono kwa mkono kati ya mashabiki. Ukikipeleka kitabu mtandaoni, unamsogeza mwandishi mbele ya macho ambayo hadi jana yalikubali kutomtazama. Likes ni zako, hatari ni yake. Kwa hiyo akikataza, imekwisha. Ukitaka kutafsiri, muulize. Wapo wanaokubali kwa furaha.

5. Kitabu kikikugusa, mwandikie mwenyewe. Anwani yake huwa ukurasa wa mwisho. Sentensi mbili za Kijapani chenye makosa zinatosha, na ukirudi msimu mwingine na kumtajia ukurasa ulioupenda, utaona uso wake unavyobadilika. Wengi wao hawapati faida. Gharama za uchapaji zinameza karibu yote.

6. Na nyie mnaochora, mnangoja nini? Maombi ya meza hufungwa miezi kadhaa kabla, na yakizidi nafasi huchaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo anzeni sasa. Mkipata, mtawapa waandaaji nakala moja ya sampuli asubuhi ileile. Nitakuja kununua, na chenji ninayo.