Karakana ya Nyumbani: Mkonga wa tembo umenishinda

*Shikamoo fundi. Nimestaafu kazi ya ofisini na nimejinunulia skrolsoo, ile mashine ya mezani ambayo bledi yake nyembamba hupanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Nataka kuwakatia wajukuu wanyama wa mbao wa kupanga vipande kwa vipande. Mstari nachora vizuri, lakini bledi inakimbilia kulia kila mara. Nikiilazimisha kurudi, inakatika. Tembo mmoja amekwisha kunilia bledi 6, na mkonga bado haujaisha. Mashine ni mbovu au ni mkono wangu? – Babu wa tembo*

Marahaba, babu. Pole na hizo bledi. Mashine iache ilivyo, usije ukafanya niliyoyafanya mimi. Skrolsoo yangu ya kwanza nilipoiona inakwenda upande, niliamini nimeuziwa kitu kibovu. Jumamosi nzima nilikaa na spana, nikafungua mkono wa juu, nikaufunga, nikaufungua tena. Jioni bledi ilikuwa inakimbilia kulia vilevile, na mimi nimebaki na nati moja ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi.

Chukua bledi mpya, ishike juu ya mwanga, kisha pitisha ukucha taratibu ubavuni mwake, kwanza kushoto, halafu kulia. Upande mmoja ukucha utateleza. Upande wa pili utakwama kidogo, kama unapita kwenye kitambaa chenye uzi uliochomoka. Bledi nyingi hutengenezwa kwa waya wa chuma, na meno yanapokatwa huacha vinyweleo vya chuma upande mmoja, kwa kawaida wa kulia. Upande huo hukata kwa pupa kuliko mwenzake, ndiyo maana bledi yako inakwenda huko. Ukiisukuma ubavuni unapigana na chuma chembamba kuliko njiti ya kiberiti, na mshindi hapatikani.

Dawa yake ni kupeleka ubao mshazari. Tafuta kipande cha mbao usichokihitaji, piga mstari mnyoofu kwa rula, ukate ukiufuata bila kujali ubao umekaaje mezani. Ukifika katikati zima mashine, usiuguse ubao, uangalie. Utakuta mstari haujanyooka kuelekea tumboni kwako. Ncha iliyo upande wako imelalia kulia kidogo, pengine nyuzi 3, pengine 5. Huo ndio mlalo wa bledi yako. Mikono ikishauzoea hutaufikiria tena. Mimi hata nikitumia msumeno mkubwa wa duara najikuta nimekaa upande, watu wananicheka.

Sasa hizo zinazokatika. Nashuku umezifunga zikiwa zimelegea. Bledi iliyolegea hupinda tumbo ndani ya mbao, na kipande kikitoka kina ukuta wa mviringo badala ya ukuta ulionyooka. Kabla ya kuwasha, idonoe kwa ukucha kama mtu anayejaribu uzi wa gitaa. Ikisema *pwo*, kaza. Ikisema *ting!* kali na safi, anza kazi. Ukiisukuma ubavuni kwa kidole isisogee zaidi ya milimita 3 hivi. Ukikaza kupita kiasi itakatika. Ikilegea pia itakatika.

Na bledi huzeeka upesi, jambo ambalo wauzaji hawalitangazi. Kwenye mbao ngumu, nusu saa ya kukata ni umri mzuri, na kwenye msaji ni chini ya hapo kwa sababu mti ule una chembechembe kama za mchanga ndani yake. Usingoje ikatike. Siku ukigundua mabega yamepanda na vidole gumba vinauma, ujue umeanza kusukuma, na ukisukuma maana yake meno yamekwisha. Badilisha. Bledi namba 5 (namba ikipanda, bledi huwa kubwa zaidi) inatosha kwa ubao wa milimita 19, ambao naupendekeza kwa tembo wako ili asimame kwa miguu yake. Plaiwudi nyembamba ya milimita 6 ipe namba 2 au 3.

Kwenye ncha ya mkonga, pale unapogeuka ghafla, acha kabisa kupeleka ubao mbele. Bledi iendelee kupanda na kushuka papo hapo, wewe uzungushe ubao kuizunguka mpaka uelekee njia mpya, ndipo uendelee. Mara ya kwanza utashika pumzi. Jaribu mara kumi kwenye kipande kibovu kabla ya kumrudia tembo.

Jambo moja la mwisho kwa kuwa ni vipande vya kupangana: meza lazima iwe pembe mraba na bledi. Guni dogo, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, litakusaidia, lakini mimi naamini zaidi mkato wenyewe. Kata kidogo tu kwenye kipande kinene, kirudishe nyuma, kizungushe upande wa pili wa meza, ujaribu kuingiza bledi kwenye mkato uleule kwa nyuma. Ikiingia bila kugusa, meza iko sawa. Ikigoma, meza imelala, na vipande vya tembo vitatoka kwa juu lakini kwa chini havitatoka. Mjukuu wa miaka minne hatakusamehe.

*Fundi, kingo za kazi yangu zinatoka nyeusi kama zimebabuliwa na moto. Napiga msasa mpaka mikono inauma. Nifanyeje?*

Bandika utepe mpana wa plastiki, ule wa kufungia maboksi, juu ya ubao kabla ya kuanza kukata. Mchoro ukiwa wa karatasi, utepe ukae juu yake. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilidhani natafutiwa kichekesho, lakini kingo zilitoka nyeupe. Ukiendelea kuona weusi, punguza kasi ya mashine na uangalie bledi, huenda ni butu. Na usisimame kwenye kona ukiwaza. Kona ndiko mbao zinakoungulia.

*Kwenye picha yenye matundu mengi nianze nje au ndani?*

Ndani. Toboa kila tundu kwa drili, fungua bledi juu, ipitishe tunduni, ifunge, ukate, na anza na matundu yaliyo katikati kabisa ukielekea nje. Ukianza na umbo la nje utabaki umeshika kitu chembamba kinachotetemeka kama jani, na hutapata pa kukikamatia. Kwa kazi hii tafuta mashine inayokubali bledi zisizo na pini, yaani kile kijiti kidogo kinachopita kwenye ncha ya bledi ili ishikwe. Bledi yenye pini hudai tundu kubwa la kuipitishia, na picha yako itaonekana imeliwa na mende. Na vaa barakoa. Vumbi la mashine hii ni laini kama poda, hutaliona mpaka uanze kukohoa usiku.