Koloni zisizo na rangi kwenye MacConkey: usiandike jina bado

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Uko atachimenti hapa Mombasa, umeotesha kinyesi cha mgonjwa kwenye MacConkey, moja ya midia, yaani vyakula vya kuoteshea bakteria, asubuhi ukakuta koloni (vishada vya bakteria walioota) zisizo na rangi, ukaandika Salmonella, bakteria wa homa ya matumbo na kuhara, kitabuni, na mkubwa wako akalikata jina hilo kwa kalamu nyekundu bila kukueleza. Sasa unataka njia rahisi ya kukariri rangi za midia zote kabla ya mtihani. Nimekaa kwenye benchi la bakteria miaka mingi, kisiwani kwanza kisha Likoni, na nakwambia usikariri. Mkubwa wako alikuwa na haki ya kulikata, ila alipaswa kukaa nawe dakika kumi. Wacha mimi nizitoe hizo dakika.

Anza na kanzu. Kila mtu wa hapa ameliona hili: mchuzi wa biriani umedondokea kanzu nyeupe harusini, pana doa la manjano. Ukilipaka sabuni, doa linageuka jekundu, karibu damu ya mzee. Hakuna rangi mpya iliyoongezwa. Sabuni ina alkali, na bizari ya manjano hubadilika ikikutana na alkali. Kamulia ndimu, inarudi kuwa ya njano kwa sababu ndimu ni asidi.

Midia za kutofautisha bakteria zinafanya jambo lilo hilo. Ndani yake kuna sukari iliyochaguliwa makusudi, na kuna rangi inayoitikia asidi na alkali. Bakteria akiila sukari ile anatoa asidi na rangi inageuka. Asipoila, anakula protini iliyomo, na mazingira yake yanabaki palepale au yanaelekea kwenye alkali. Kwa hivyo rangi unayoiona asubuhi ni habari ya alichokula usiku. Jina lake hujalisikia bado.

Sasa chukua MacConkey yenyewe. Ina chumvi za nyongo na kristali vayoleti, na hivyo viwili ndivyo bawabu wa mlangoni. Bakteria hugawanywa Gram chanya na Gram hasi kwa namna wanavyoshika rangi ya kupakwa, na wa Gram hasi wana utando wa nje unaowakinga na nyongo, na si ajabu, maana wengi wao makazi yao ni utumbo. Wa Gram chanya wengi hawana kinga hiyo, wanazuiwa. Halafu ndani kuna laktosi, yaani sukari ya maziwa, na nyutrali redi, ambayo huwa ya waridi asidi ikizidi. E. coli anaila laktosi vizuri: koloni za waridi kavu, mara nyingi zimezungukwa na ukungu wa nyongo iliyoganda. Klebsiella naye anaila, lakini koloni zake ni kubwa, zina utelezi kama uji wa mhogo, ukizigusa kwa lupu (kijiti chenye kitanzi cha waya) zinavutika. Wasioila laktosi hubaki bila rangi: Salmonella, Shigella, Proteus, Pseudomonas, Providencia, Morganella na wengineo.

Umeona tatizo lako liko wapi? Uliposema "hazina rangi", ulichosema kwa hakika ni "hakula laktosi mpaka leo asubuhi". Hilo ni kundi zima. Na kwenye kinyesi, Proteus ni mkaazi wa kawaida. Tena hata hiyo "mpaka leo asubuhi" ina maana yake, kwa sababu wako wanaokula laktosi polepole. Shigella sonnei ni mmojawapo: saa 24 hana rangi, ukimwacha siku ya pili anaanza kupata waridi. Ndiyo maana tunasoma pleti (kisahani cha midia) kati ya saa 18 na 24, na saa ya kuitoa kwenye inkubeta, kabati la joto, inaandikwa.

Bawabu naye si wa kuaminiwa kupita kiasi. Enterococcus hupenya wakati mwingine kama vitone vidogo vyekundu, na fangasi wa hamira pia. Upande wa pili, si kila Gram hasi anaota pale. Haemophilus na Neisseria ni Gram hasi na hutawakuta kwenye MacConkey. Basi ukiona koloni ya mashaka, ipake rangi ya Gram uitazame kwa darubini. Dakika tano tu, na Hans Christian Gram alituachia njia hiyo tangu 1884.

Kwa kinyesi, MacConkey peke yake haitoshi, unahitaji midia nyingine, XLD, kando yake. Hii ndiyo midia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu imepangwa kwa akili sana. Ina zailosi, laktosi na sukrosi, ina asidi ya amino iitwayo laisini, ina thiosulfati na chuma, na kiashiria chake ni fenoli nyekundu, ambayo asidi huifanya njano. Salmonella anakula zailosi kwanza, koloni inaanza kuwa njano. Zailosi ni kidogo, inaisha. Hapo anaigeukia laisini, anaivunja, inatoka alkali, wekundu unarudi. Wakati huo huo anatengeneza gesi ya salfa ile inayonuka yai viza, gesi inakutana na chuma, katikati ya koloni panakuwa peusi. Asubuhi unakuta koloni nyekundu yenye jicho jeusi, ambayo usiku imepitia safari nzima. Wengine kama E. coli wana laktosi na sukrosi tele za kuendelea kula, kwa hivyo asidi inawazidi na njano inabaki njano. Shigella hali zailosi tangu mwanzo: nyekundu, bila jicho.

Proteus mirabilis je? Zailosi anaila, laisini haivunji. Kwa hivyo anabaki njano, lakini gesi ya salfa anaitoa, na mara nyingine utaona weusi katikati. Jicho jeusi ndani ya koloni ya njano si sawa na jicho jeusi ndani ya koloni nyekundu. Kwenye mwanga hafifu wa jioni watu huzichanganya, nami nimeliona hilo kwa wafanyakazi wa muda mrefu. Peleka pleti dirishani. Na usiipeleke otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo, wakati wa kuitengeneza XLD. Inachemshwa tu mpaka iyeyuke, basi. Ikizidishwa moto inaganda vipande na hukumu zake zinaharibika.

Hapo nataka nikueleze kisa cha midia iitwayo CLED, kwa sababu kilinifundisha zaidi ya darasa. CLED tunaitumia kwa mkojo. Yeye si mchaguzi, anaotesha Gram chanya na hasi, lakini ana laktosi na kiashiria cha bromothaimoli bluu: wanaokula laktosi wanakuwa njano, wasioila wanabaki na bluu. Sifa yake kubwa ni kwamba imepunguziwa chumvi makusudi, ili Proteus asitambae. Proteus ana mikia mingi na akipata nafasi anatembea pleti nzima kwa mawimbi kama maji ya bahari yakipanda ufuoni, anafunika koloni za wengine wote.

Miaka hiyo nilikuwa kwenye maabara ndogo ambayo sitaitaja. Wiki moja pleti zote za CLED zilijaa mawimbi. Mkojo wa huyu mawimbi, wa yule mawimbi. Tukalaumu unga wa midia, tukafungua kopo jipya, bado. Siku ya nne nikamuuliza kijana aliyekuwa akipika midia, maji anachota wapi. Kumbe mtambo wa kukenekesha maji ulikuwa umeharibika, na yeye, kwa nia njema, alinunua madumu ya maji ya mkokoteni akayachemsha sana. Yalikuwa maji ya kisima. Na wewe unayajua maji ya visima vingi vya kisiwani, hata chai ukiipika inakuwa na ladha ya chumvi. Kuchemsha kunaua wadudu lakini hakuondoi chumvi, kunaiongeza ukali kwa sababu maji yanapungua. Tulikuwa tumeirudishia CLED kile kile ilichopunguziwa. Wagonjwa wanne tuliwaomba walete mkojo upya, na mmoja alikuwa mama mjamzito aliyevuka feri mara mbili kwa sababu yetu. Nilimwomba radhi mwenyewe mlangoni.

Tangu siku hiyo, kila bechi mpya ya midia naijaribu kwa bakteria wa kudhibiti kabla haijaguswa na sampuli ya mgonjwa. E. coli ATCC 25922 (namba ya aina yake kwenye hazina ya bakteria wa kudhibiti) lazima atoe waridi kwenye MacConkey, Pseudomonas aeruginosa ATCC 27853 lazima abaki bila rangi. Wasipofanya hivyo, bechi yote inatupwa, hata kama foleni ya sampuli imefika nje. Na kwa joto letu hili na unyevu wa pwani, kausha pleti kabla ya kuzitumia na uziweke kichwa chini. Tone moja la maji kutoka kwenye kifuniko linaziunganisha koloni zako zote kuwa ziwa moja, kisha unatafuta koloni safi huipati.

Mombasa huwezi kukwepa TCBS, midia ya kumtafuta Vibrio, bakteria wa kipindupindu na jamaa zake, maana kipindupindu tunakijua. Midia hii ina pH ya 8.6, alkali ambayo Vibrio anaivumilia na wengi wa utumboni hawaiwezi. Sukari yake ni sukrosi. Vibrio cholerae anaila, anatoa koloni za njano zinazong'aa, milimita 2 hadi 4. Vibrio parahaemolyticus, yule wa kamba na kaa wasioiva, haili, anabaki kijani. Wanafunzi wanakariri "njano ni kipindupindu" na hapo ndipo hatari ilipo.

Bahari yetu imejaa Vibrio wa kila aina. Niliwahi kuletewa sampuli ya kamba, na TCBS ikatoa koloni za njano kubwa kubwa, oksidesi chanya (kipimo cha tone la dawa linalogeuza koloni kuwa zambarau). Mwenzangu alikuwa tayari ameshika simu apige ripoti. Nikamwomba angoje siku moja. Tukapandikiza kwenye mchuzi wa peptoni, midia ya majimaji, usio na chumvi kabisa, na mwingine wenye chumvi. Ule usio na chumvi haukuota kitu. Vibrio cholerae huota bila chumvi. Vibrio alginolyticus, mkaazi wa kawaida wa bahari ambaye naye anakula sukrosi, hawezi. Siku moja ya subira ilimwokoa mvuvi na biashara yake. Lakini nisikilize vizuri: ikiwa sampuli ni ya mgonjwa anayeharisha maji ya mchele, usingoje hiyo siku. Toa taarifa ya awali, useme ni ya awali, huku ukiendelea na vipimo.

Kuhusu oksidesi, mambo mawili tu. Usichukue koloni kutoka MacConkey wala TCBS, kwa sababu asidi na rangi zilizomo zinavuruga jibu. Pandikiza kwanza kwenye agari (midia iliyoganda) ya kawaida isiyo na sukari ya kuchachuka. Pili, tumia kijiti cha mti au lupu ya platinamu. Lupu ya nikromu inaweza kukupa zambarau ya uongo. Zambarau ije ndani ya sekunde 10. Ikija baadaye usiihesabu. Salmonella, Shigella, E. coli, Proteus wote ni hasi. Pseudomonas aeruginosa na Vibrio ni chanya. Kwa tone moja umeshalipasua kundi lako la "wasio na rangi".

TSI inafuata, midia ya mrija yenye mteremko juu, ambayo bakteria huchomwa ndani yake kwa sindano, na makosa yake mengi ni ya saa na kifuniko. Ina glukosi kidogo sana, asilimia 0.1, halafu laktosi na sukrosi asilimia 1 kila moja. Ukiisoma mapema, kila kitu ni njano, kwa sababu wote wanaanza na glukosi. Ukingoja saa 18 hadi 24, asiyekula laktosi wala sukrosi ameshaimaliza glukosi, na mteremko wa juu umerudi kuwa mwekundu huku chini kukibaki njano. Kifuniko kilegeze, mteremko unahitaji hewa. Salmonella Typhi huacha weusi kidogo tu kwenye mstari wa sindano, bila gesi. Salmonella wengine huwa na weusi mwingi na gesi. Proteus mirabilis anaweza kukutolea picha hiyo hiyo ya pili, kwa hivyo TSI bila kipimo cha urea ni nusu ya kazi. Proteus anaivunja urea kwa haraka, mara nyingi ndani ya saa chache. Salmonella haivunji.

Na tafadhali, usinuse pleti. Wazee wetu walimtambua Pseudomonas kwa harufu ya zabibu, na ni kweli ananukia hivyo, lakini Brucella wa maziwa mabichi huingia kwa pumzi, na hajiandiki jina kwenye kifuniko.

Sasa pleti yako. Kama bado iko kwenye friji, ichukue kesho asubuhi, chagua koloni moja iliyosimama peke yake, ipandikize kwenye agari ya kawaida upate bakteria wa aina moja tu. Kesho yake fanya Gram, oksidesi, TSI, urea na indoli, kipimo kingine cha kutofautisha bakteria. Na ile sampuli, kama ingalipo, ioteshe kwenye XLD. Urea ikigeuka waridi kabla ya chakula cha mchana, kalamu nyekundu ilikuwa ya haki. Ikibaki njano, na TSI ina weusi, mpelekee mkubwa wako mrija mkononi na umwombe antisera (maji yenye kingamwili za kumtambua Salmonella) mfanye pamoja, kwa sababu hapo hata yeye atataka kuona. Ukipata majibu yaandike hapa, pamoja na saa ulizosoma, nitayapitia.