Historia ya elimu ya nyota: uanzie wapi?

Umesema orodha ya miaka na majina inakuchosha, hujui pa kuanzia. Iache hiyo orodha. Anza na Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, Januari 1610: kwa darubini yake aliona vinyota vitatu vimejipanga mstari mmoja na sayari ya Mshtarii (Jupita), kesho yake vimehama, siku chache baadaye kikajitokeza cha nne. Kumbe ni miezi inayoizunguka sayari hiyo, basi si kila kitu kinaizunguka Dunia! Hata darubini ndogo ya mkononi, ukiishika isitikisike, itakuonyesha. Kisha ruka hadi sayari ya Neptuni, 1846: Mfaransa Le Verrier alikokotoa mahali ilipo kwa hesabu tu, na Mjerumani Galle akaiona akiwa Berlin, usiku wa kwanza wa kuitafuta. Copernicus, aliyesema Dunia ndiyo inayolizunguka Jua, anaweza kusubiri. Kwa anayeanza, ni mzito mno.