Ripoti ya Access: msimbo unafanya kazi ukichapa, kwenye kioo haufanyi. Usiuandike upya kwanza

Mkuu uliyeuliza kutoka Nachingwea, nimekuelewa hivi: una ripoti ya malipo ya wakulima kwenye Access, ile programu ya Microsoft ya kuhifadhi kumbukumbu, ndani yake umeweka msimbo wa kuficha mstari wa makato yanapokuwa sifuri. Kwako unafanya kazi. Kwa karani wako, faili ni lile lile, ila mstari haufichiki na wala hakuna ujumbe wa kosa. Umeshauandika upya mara tatu.

Achana na kuandika. Ukimya huo, bila kosa lolote, mara nyingi maana yake msimbo ni mzima ila hakuna aliyeuita.

Mimi lilinikuta Newala, msimu wa korosho, minada imepamba moto. Niliwatengenezea chama cha msingi kimoja ripoti ya hesabu ya mkulima: kilo, daraja, bei ya mnada, makato, baki. Juu kulikuwa na maandishi mekundu DARAJA LA PILI, na msimbo kwenye tukio la Format, yaani pale programu inapoupanga mstari kabla ya kuuonyesha, ulikuwa unayaficha kama korosho ni za daraja la kwanza. Nilijaribu kwa kuchapa, ikatoka safi, nikarudi Mtwara mjini.

Baada ya siku chache wananipigia simu. Nilipofika nikamkuta bibi mmoja kakaa kwenye benchi, kashika stakabadhi yake ya ghala ameikunja mara nne. Printa ilikuwa imeisha wino, kwa hiyo karani alikuwa anawasomea watu kwenye kioo. Bibi akaniuliza taratibu, "Mwanangu, korosho zangu nimezianika mwenyewe na kuzichambua mwenyewe. Ya pili imetoka wapi?" Nikatazama kioo: maandishi mekundu yapo. Nikafungua mkulima mwingine, yapo. Wote walikuwa wamegeuka daraja la pili. Hela zilikuwa sahihi, kilo sahihi, ila mtu anayesoma lile neno jekundu haangalii tena namba. Sikulala vizuri usiku ule.

Sababu ni hii. Tangu Access 2007, ripoti ina mwonekano unaoitwa Report View, na kwa kawaida ndio unaofunguka ukibofya ripoti mara mbili kwenye orodha ya pembeni. Katika mwonekano huo matukio ya Format na Print ya sehemu za ripoti hayaitwi kabisa. Yanaitwa kwenye Print Preview na wakati wa kuchapa, kwa sababu hapo ndipo programu inapopanga kurasa. Mimi nilikuwa napitia kwenye kitufe changu kinachofungua Print Preview. Karani alikuwa anabofya mara mbili. Faili moja, milango miwili. Naamini na kwako ndivyo ilivyo, maana umesema karani "anaifungua tu kawaida".

Kuhakikisha, weka mstari mmoja juu kabisa ya Detail_Format, yaani msimbo wa Format wa sehemu ya Detail inayobeba mistari ya ripoti: MsgBox "nimeitwa". Huo unatoa kisanduku cha ujumbe kwenye kioo. Ifungue kama anavyoifungua yeye. Kisanduku kisipotokea, tatizo haliko kwenye mistari yako ya chini. Kikitokea, basi tafuta chini, na kitu cha kwanza kuondoa ni On Error Resume Next kama umeiweka, kwa sababu inameza makosa yote.

Tiba niliyotumia: kwenye sifa za ripoti nikaweka Default View iwe Print Preview na Allow Report View iwe No. Kwenye kitufe nikaandika DoCmd.OpenReport "rptMalipo", acViewPreview. Hilo neno la mwisho usiliache wazi, ukiliacha ripoti inakwenda moja kwa moja kwenye printa. Na kama unataka rangi tu ibadilike, usitumie msimbo, tumia Conditional Formatting. Hiyo inafanya kazi hata kwenye Report View, na karani hawezi kuivuruga kwa namna anavyoifungua ripoti.

Ikiwa hata Print Preview kisanduku hakitokei, kuna mawili ya kuangalia.

La kwanza ni jina. Kijana mmoja wa Lindi aliniletea ripoti iliyokufa ghafla. Alikuwa amebadilisha jina la sehemu ya Detail kuwa Maelezo ili mambo yote yawe ya Kiswahili. Nia nzuri kabisa. Lakini Access inatafuta msimbo kwa jina la sehemu, kwa hiyo ilikuwa inatafuta Maelezo_Format wakati msimbo bado unaitwa Detail_Format. Kwenye sifa, mstari wa On Format bado ulikuwa unasomeka [Event Procedure], kila kitu kinaonekana sawa. Hapo bonyeza vile vitone vitatu pembeni yake: ukipelekwa kwenye msimbo mtupu, umepata jibu. Hamishia mistari yako humo.

La pili ni usalama. Faili likiwa nje ya folda inayoaminiwa, misimbo yote inazimwa mpaka mtu abonyeze Enable Content kwenye ule mstari wa njano, na makarani wengi wanaufunga tu. Faili lililopakuliwa mtandaoni ni gumu zaidi, tangu 2022 Microsoft inalizuia moja kwa moja. Funga Access, bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, weka alama kwenye Unblock.

Kitu kimoja zaidi, kwa sababu nimeona kwenye picha ya msimbo uliyonitumia unajumlisha kilo ndani ya Format. Tukio hilo linaweza kuitwa zaidi ya mara moja kwa mstari mmoja, hasa mstari unapovuka ukurasa, na kilo za mkulima zitahesabiwa mara mbili. Ondoa hesabu humo leo hii, tumia sifa ya Running Sum, inayojumlisha mstari kwa mstari, kwenye kisanduku kinachoonyesha kilo ndani ya ripoti.

Fanya lile jaribio la kisanduku cha MsgBox kwenye mashine ya karani, yeye mwenyewe akiifungua wewe umesimama pembeni unatazama mkono wake. Kisha niambie kimetokea au hakikutokea, na kwenye On Format pameandikwa nini.