Barua kwa Mwalimu: "Kwenu kuna maduka ya vitabu?"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwandishi wa hadithi fupi, nipo Tanga. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye mazungumzo ya waandishi kwa njia ya video, wasikilizaji wengi wakiwa Ulaya. Mwendeshaji akaniuliza mbele ya watu wote: "Watu wenu walihifadhije hadithi kabla sisi hatujawaletea maandishi?" Hasira zikanipanda. Nikamwambia maneno ambayo gazeti lako haliwezi kuyachapa, nikazima kamera. Tangu siku hiyo sina raha. Mara naona nilifanya sawa, mara naona haya. Wakubwa wetu walikuwa wanajibuje maswali kama haya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza pole. Wewe angalau ulizima kamera. Mimi yangu yalikuwa mabaya zaidi, maana nilibaki jukwaani.

Ni miaka mingi sasa. Ulikuwa mji wa baridi, ukumbi mdogo, kahawa kwenye vikombe vya karatasi. Mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono akauliza kwa upole kabisa kama Kiswahili kina maandishi. Basi nikajifunga kibwebwe. Nikaanzia Pate, nikamwambia kwamba mwaka 1728 Mwengo wa Athumani alikuwa ameshatunga Utendi wa Tambuka, beti zaidi ya elfu moja, kwa herufi za Kiarabu. Nikashuka Mombasa kwa Muyaka bin Haji na mashairi yake ya vita na mapenzi. Nikapanda tena Lamu na Pate kwa Mwana Kupona, aliyemwandikia bintiye utenzi wa wosia mwaka 1858. Dakika ishirini! Shaaban Robert hata sijamfikia, kijana wa safu ya mbele keshaanza kusinzia. Nilipomaliza, yule mama akatabasamu akasema, "Inapendeza sana. Na ngoma pia unapiga?"

Nililala na swali hilo siku nyingi. Nilichosema chote kilikuwa kweli, hata tarehe moja sikukosea. Kosa langu ni kwamba nilijipeleka kizimbani mwenyewe, nikaanza kuleta mashahidi, wakati hakuna mahakama iliyoniita. Mwenye kujitetea hivyo huwa ameshakubali kwamba aliyeketi mbele yake ni hakimu.

Sasa tuwatazame wakubwa uliowauliza.

Januari 2018 Chimamanda Ngozi Adichie, mwandishi wa riwaya kutoka Nigeria, alikuwa jukwaani Paris. Mwandishi wa habari aliyekuwa akimhoji akamuuliza kama Nigeria kuna maduka ya vitabu. Adichie hakutaja hata duka moja. Alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa nayo tangu mwanzo, kwamba kuulizwa swali hilo kunawaaibisha Wafaransa wenyewe, kisha akaongeza kwamba vitabu vyake vinasomwa na kufundishwa, na si Nigeria tu bali barani kote. Ukumbi ukampigia makofi. Ninachokipenda zaidi ni kilichofuata. Watu walipoanza kumshambulia yule mwandishi wa habari, wengine wakisema alikusudia kejeli tu, Adichie aliandika kwamba mama yule alikuwa makini na amejiandaa vizuri, na kwamba swali lile lilimshangaza kwa sababu lilikuwa chini mno ya maswali yake mengine. Unaona? Alilitia swali doa, muulizaji akamwacha na heshima yake.

Chinua Achebe alikuwa na namna nyingine. Mwaka 1974 alikuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Massachusetts. Asubuhi moja anaelekea kwenye maegesho ya magari, mzee mmoja akamsemesha njiani: Wewe mwanafunzi? Hapana, mwalimu. Unafundisha nini? Fasihi ya Afrika. Mzee akashangaa, akasema hakuwahi kufikiri kwamba Afrika ina vitu vya namna hiyo. Achebe anasimulia kwamba hapo alikuwa ameshaongeza mwendo. Basi, hilo tu! Hakugombana na mzee wa watu njiani. Lakini Februari 1975 alipopewa mhadhara chuoni hapohapo, aliuanza na kisa hicho, halafu akamgeukia Joseph Conrad, mwandishi wa Uingereza, na riwaya yake ya mwaka 1899, Heart of Darkness, iliyokuwa inasomeshwa kama kitabu kitukufu, akaonyesha jinsi ilivyomfanya Mwafrika kuwa kivuli cha mtu. Wako maprofesa waliokasirika sana siku ile. Hadi leo ukisomesha kitabu kile vyuoni, ni vigumu kuukwepa mhadhara wa Achebe. Mpita njia alipata hatua za haraka. Wenye vitabu na mitaala ndio waliopata jibu.

Na Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekuwa kuli wa bandari Marseille kabla ya kuwa mwandishi na mtengenezaji wa filamu, alipoulizwa kama kazi zake zinaeleweka Ulaya alisema Ulaya si kitovu chake. Kwa nini, akauliza, awe alizeti la kuligeukia jua? Jua ni yeye. Huyo hakuwa na haja ya mashahidi.

Nirudi kwako. Swali lako lina neno moja linalouma kuliko yote, nalo ni "sisi". Ukiliondoa hilo, kinachobaki ni swali zuri tu: hadithi zenu mlizihifadhije? Mtoto wa shule wa Oslo akiniuliza hivyo nitamwambia habari za bibi, moto na vitendawili, nitamwonyesha na herufi za Kiarabu, na tutacheka pamoja. Kutojua si kosa. Mimi mwenyewe sijui Wanorwe walihifadhije za kwao. Lakini mwendeshaji wa mjadala alikualika wewe. Alikuwa na jina lako na siku kadhaa za kujiandaa. Ujinga wa mwenye kipaza sauti haustahili uvumilivu ule wa mtoto.

Tena swali hilo lina ukoo. Mwaka 1963, mwaka uleule bendera mpya zilipokuwa zinapandishwa Nairobi na Unguja, Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alikuwa anasema kwamba labda siku moja kutakuwa na historia ya Afrika ya kufundisha, lakini kwa wakati ule iliyopo ni ya Wazungu waliokuja Afrika, na kwingine kote ni giza. Huyo alikuwa profesa, si mlevi wa kilabuni. Wanafunzi wake walizeeka wakawa walimu, na walimu hao ndio waliomlea mwendeshaji wako.

Ningekuwa wewe ningesema hivi, kisha ningenyamaza: "Hamkutuletea. Tenzi zetu ziliandikwa karne nyingi zilizopita, na baadhi ya hati zimo maktaba ya chuo cha SOAS, London, karibu na wewe kuliko mimi. Tuendelee na hadithi yangu." Sekunde kumi na tano, pumzi moja. Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu, kwa sababu ulialikwa kuizungumzia kazi yako, na ile hasira ilikunyang'anya nafasi hiyo.

Utauliza kama uombe radhi. Kwa matusi, ndiyo, barua fupi. Kwa kukataa swali, hapana. Ukipenda, kwenye barua hiyohiyo mwambie swali lilikosea wapi. Huenda akajibu, huenda asijibu.

(Na kwa kuwa tupo wenyewe hapa: wiki iliyopita niliwauliza vijana thelathini na wawili wa kidato cha tatu nani anaweza kunisomea ubeti mmoja wa Muyaka. Mkono mmoja ulinyooka, na mwenyewe alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda msalani.)

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Hadithi yangu imekubaliwa na jarida la ng'ambo, lakini mhariri anataka nieleze neno "khanga" ndani ya hadithi, na maneno yote ya Kiswahili yapigwe herufi za mlalo. Nikubali? Malipo ni mazuri.

JIBU: Hela chukua, ila kwanza fanya jaribio hili. Nimeusoma ukurasa ulioniletea. Mama amesimama mlangoni, amepata habari ya msiba sasa hivi, anavuta ncha ya khanga anajiziba mdomo ili watoto wasimsikie. Sasa tia maelezo ya mhariri: "anavuta ncha ya khanga, yaani kitambaa cha pamba chenye rangi na maandishi ambacho wanawake wa Afrika Mashariki huvaa kwa jozi." Mama wa watu analia, wewe unatuuzia nguo! Isome kwa sauti mbele ya mhariri wako, utaona kama hatacheka.

Msomaji hahitaji kuelezwa. Ncha imevutwa, mdomo umezibwa. Hata wa Helsinki ameshajua kwamba ni nguo, na kwamba mama ameivaa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobeli mwaka 2021, ameandika riwaya zake zote kwa Kiingereza na maneno ya Kiswahili yamo humo bila kuombewa radhi. Waingereza wamezisoma, hatujasikia aliyepotea njia.

Mjibu mhariri kwa adabu. Mwulize kama mwandishi wa Ufaransa akitaja "croissant" huwa anamdai maelezo. Akishikilia, mpe kitu kimoja: mweleze msomaji jina la ile khanga, yale maandishi yaliyoko karibu na pindo. Wewe hukuyaandika, na mimi nilipofika hapo nilitamani sana kujua yule mama alijiziba mdomo kwa maneno gani.